Kishamba Kisichovunwa

Juzi nilikuwa nimesimama kwenye taa za barabarani, pale mabasi ya kampuni yanapokata kona kuelekea Industrial Area, lori likaja likasimama ubavuni mwangu limesheheni lusani mbichi. Ilikuwa imekatwa asubuhi hiyo hiyo, na matita yake yalikuwa bado yanadondosha maji kwenye lami. Nilishusha kioo, na joto lote lile, nikaivuta ile harufu mpaka ikanifika kooni. Taa ikageuka, walio nyuma yangu wakanipigia honi, na mimi nikabaki na mikono kwenye usukani, machozi yananitoka kwa sababu ya majani ya mifugo.

Nianze kwa kukiri jambo moja ili msije mkanishangaa mbele ya safari. Mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nayanusa kabla sijayamimina. Mtu akiniambia "usijali", hapo ndipo ninapoanza kujali. Mume wangu hunitania kwamba hata mchungaji akisema amina, mimi hugeuka nyuma kuangalia ni nani amemtuma. Wengi hudhani tabia hii nimeipatia hapa Doha, kwenye mji ambao kila mtu amekuja kutafuta na hakuna anayemwambia mwenzake anatafuta nini hasa. Hapana. Nilishuka nayo uwanja wa ndege nikiwa na miaka tisa, na ilianzia kwenye kishamba cha kunde.

Kwetu ni Taita, upande ule ambao mashamba yanapakana na mbuga. Mama alikuwa muuguzi huku Doha, Baba akamfuata, na mimi nikaachwa na Bibi tangu nikiwa na miaka mitatu. Ninyi wa rika langu mlioachwa hivyo mnajua mambo yalivyo: mzazi ni sauti ya simu kila Jumapili na boksi la nguo zinazokubana kwa sababu aliyezinunua anakumbuka mtoto wa mwaka juzi. Mzazi wangu wa kushikika alikuwa Bibi, na vita vya Bibi vilikuwa na ndovu. Alikuwa anatwanga pilipili, anaichanganya na oili chafu ya gari, anachovya vitambaa vya nguo kuukuu, kisha tunavifunga kwenye kamba kuzunguka shamba zima. Kazi ya kufunga ilikuwa yangu. Ndovu akinusa anapiga chafya na kugeuza njia, na hata wanyama wadogo hawakuvipenda vitambaa vile. Nilikuwa nakatazwa kushika macho mpaka ninawe mara tatu kwa sabuni.

Nje ya uzio ule, karibu na kichaka, baba yangu mdogo, Mghanga, alikuwa amepanda kunde mistari minne. Hakuna aliyetumwa kuchuma mboga kule, hata siku ambazo Bibi alinituma kuomba majani kwa jirani. Jioni paa walikuja kula. Mmoja alikuwa na mtoto. Mimi na baba mdogo tulikaa nyuma ya ghala tukiwatazama, naye aliniwekea kidole mdomoni ananong'ona, "Tulia. Wacha wazoee." Alikuwa na kicheko kizuri, cha kuinamisha kichwa kwanza. Nilimwona kuwa mtu mwenye huruma kuliko watu wote wa pale kwetu.

Asubuhi moja nilimkuta yule paa mama ameshikwa shingoni na waya. Kunde zilikuwa zimelala duara zima, pale alipokuwa akirusha mateke, na mtoto wake amesimama kando haelewi. Nilimkimbilia baba mdogo nikamwuliza, si wewe ulikuwa unawalisha? Akainamisha kichwa, akacheka kile kicheko chake. "Sasa Wakesho, ulidhani nawalimia bure?" Jioni nilikula ile nyama, kwa sababu nilikuwa na njaa na ilikuwa tamu. Hilo nalo sijalisahau.

Miezi michache baadaye karatasi zangu zikatoka, na mhudumu wa ndege akanikabidhi kwa wazazi wangu kama mzigo wa kusainiwa. Mama nilimtambua kwa sauti. Baba alikuja nyuma yake, akaniona, akainamisha kichwa kwanza, kisha akacheka. Uso ule ule wa baba mdogo, kicheko kile kile. Nikajishika kwenye begi langu, ambamo nilikuwa nimeficha kanga ya Bibi, nyekundu yenye maua ya korosho, bado inanuka moshi wa jiko letu.

Tulikaa Najma, ghorofa ya tatu, chumba na sebule. Ibada ilikuwa Ijumaa, jambo lililonichanganya sana, na baada ya ibada Mama aliingia zamu hospitalini. Kwa hiyo Ijumaa mchana nilikuwa mtoto wa Baba. Alinipandisha kwenye pikapu ya kazini, tukauacha mji nyuma, minara ya West Bay ikididimia kwenye vumbi, mpaka tukafika kwenye ardhi kubwa iliyozungushiwa uzio, kokoto tupu na migunga michache. Ilikuwa mali ya bwana mmoja mzee wa hapa hapa, ambaye wafanyakazi walimwita Arbabu.

Mle ndani mlikuwa na swala. Arbabu alikuwa amewaachia huru zamani, wakazaliana, wakawa pori kabisa. Walikaa ng'ambo ya mbali, na ukiwaona ulikuwa unaona vumbi tu. Kazi ya Baba ilikuwa kuwaleta karibu bila kuwafukuza wala kuwafunga: kuwalimia. Alilima lusani kwa vipande virefu vyembamba, akaacha vichaka kati ya kipande na kipande, kwa sababu, alivyonieleza, swala hali mahali asipoona pa kukimbilia. Pembeni alipanda shayiri kwa ajili ya ndege na sungura, maana ndege wakishuka, swala huona mahali ni salama. Mipira ya maji ilitambaa kwenye kila mstari. Kulikuwa na beseni la maji lililozikwa usawa wa ardhi, na jiwe la chumvi. Ndege wa hudihudi walikuwa wameshafika, wanatembea na vilemba vyao vichwani kama wenye shamba.

Nilimwuliza Baba nani atavuna.

"Hakuna wa kuvuna," akasema, anafurahi. "Hili ni lao."

Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeshaona shamba ambalo halivunwi.

Tangu siku hiyo nilianza kumchunguza baba yangu. Mtoto anayeshuku haulizi, anakusanya. Nilikusanya ule mundu aliokuwa anaunoa huku akipiga mluzi. Nilikusanya friza ya jikoni kwa wafanyakazi, iliyojaa nyama ambayo hakuna aliyenieleza ni ya mnyama gani. Lakini kilichonitisha zaidi kilikuwa kibanda. Mita kama sitini kutoka kwenye lusani kulikuwa na kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya nguzo, hakina dirisha, kina mwanya mrefu mwembamba tu unaoelekea kishambani. Mtu mzima akikaa ndani, mwanya unamfikia machoni. Na hakikuwa na ngazi. Kilikuwa na njia ya mbao iliyolala mshazari, pana, laini, imepigwa msasa. Nilifikiri kwa siku mbili ile njia ni ya nini. Siku ya tatu nikapata jibu: ya kuburutia mizoga.

Halafu alikuwepo Wasswa. Wasswa alikuwa Mganda, mtu wa Masaka, ndiye aliyeangalia pampu ya maji na jenereta, akinuka oili kutoka asubuhi mpaka jioni. Alinipenda kwa namna ya watu walioacha watoto mbali. Alinihifadhia karanga kwenye mfuko wa shati, akaniita nyabo kana kwamba mimi ni mama wa makamo. Ijumaa moja alinikalisha kwenye tairi kuukuu, akatoa kamba nyembamba mfukoni, akaizungusha kwenye mguu wangu, akaipima kutoka kisigino mpaka kidole gumba, akafunga fundo.

"Ya nini?" nikauliza.

"Siri, nyabo. Iko mutoto moja kwetu, miaka yake kama yako."

Nikautoa mguu. Nilikuwa nimeshaona kwetu kamba ya mtego yenye fundo inapimwa mguu, na haukuwa mguu wa mtu. Niliporudi nyumbani sikulala vizuri, na Mama akadhani ni chakula.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo bora ninyi mlijue mapema, ni hili. Arbabu alikuwa na mama yake, mkongwe, mgonjwa, na alikuwa amemwahidi kumwonyesha swala kabla baridi haijaisha. Alimwajiri Baba kwa kazi hiyo. Swala wakija, Baba anabaki. Wasipokuja, ataletwa mtu mwingine anayejua, na Baba atarudi Taita, na sisi tutakuwa tena familia ya simu. Mama alilijua. Wasswa alilijua. Mimi sikuambiwa, kwa sababu mtoto hapewi mizigo ya wakubwa.

Nilichosikia ni Baba akizungumza na Mama jikoni, sauti yake imejaa furaha. "Saba wamefika jana. Mmoja ana mtoto. Nawaacha wazoee kama wiki mbili hivi, halafu namwita mzee aje na vitu vyake."

Wazoee. Neno lile lile, kinywa kile kile. Na ule mfuko mrefu mweusi nilikuwa nimeuona mwenyewe nyuma ya gari la Arbabu, wa urefu wa bunduki.

Sasa mniambie mngefanya nini. Mimi nilifanya nilichofundishwa na Bibi. Jikoni kwetu kulikuwa na pilipili kavu ya Mama, nikaiponda kwa chini ya kikombe. Kanga ya Bibi niliichana vipande kwa mkasi wa shule, na nililia nikichana, kwa sababu ilikuwa inanuka yeye na nilijua baada ya hapo itanuka pilipili tu. Oili chafu niliipata kwenye dumu la Wasswa, nyuma ya pampu, alipokwenda kuswali. Baba alidhani nawatafuta mijusi. Nilivichovya vile vipande, nikavifunga kwenye mashina ya vichaka vile alivyoviacha kati ya lusani, chini kabisa, upande unakotoka upepo, kisha nikavifunika kidogo kwa mchanga. Vipande kumi na viwili. Mikono ilikuwa inajua kazi yenyewe. Nikanawa mara tatu.

Ijumaa iliyofuata Baba hakuwa anapiga mluzi. Alikuwa anatembea ameinama kando ya kishamba, anatafuta nyayo, akifika mwisho anarudi. "Walikuwa wanakuja hapa hapa," alikuwa anamwambia Wasswa. "Wamesimama pale kwenye mgunga, wamegeuka. Kuna kitu."

"Labda mbweha, mzee."

"Mbweha gani? Ningeona mguu wake."

Mimi nilikaa kwenye pikapu nikila karanga, na nilikuwa nimefurahi kiasi cha kuogopa uso wangu usinifichue. Niliwaza yule mwenye mtoto yuko mbali, yuko salama. Nilimtazama baba yangu anahangaika kwenye jua, nikasema moyoni, leo hujapata. Nasema hivi waziwazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikumpenda siku ile.

Usiku huo nyumbani hakula. Alisema neno moja tu kwa Mama, na safari hii nililisikia lote: "Mama yake anakuja Ijumaa. Wasipotokea, mimi ndiye wa kurudi."

Nililala macho. Mama wa nani? Kurudi wapi? Nilijaribu kuunganisha na haikuungana, lakini niliona kwamba kuna mahali nimekosea hesabu. Niliamua Ijumaa nikifika nitavitoa vile vitambaa haraka, kabla mtu hajafika. Nilikuwa nimechelewa. Ijumaa ile tulipofika, gari la Arbabu lilikuwa limeshaegeshwa kando ya kibanda.

Kutoka ndani ya gari wakamtoa mwanamke mdogo sana, mkongwe, amevaa nguo nyeusi na batula usoni, ile barakoa ya wanawake wakongwe wa huku, wakamweka kwenye kiti cha magurudumu. Wakamsukuma juu ya ile njia ya mbao. Ikapanda vizuri, bila mtikisiko hata mmoja, maana ilikuwa imepigwa msasa kwa ajili yake. Mwanya ulikuwa sawasawa na macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha aina hiyo. Arbabu akafungua ule mfuko mrefu mweusi, akatoa miguu mitatu ya chuma, akaiweka, na juu yake akafunga darubini.

Nilisimama pale chini nikiitazama ile darubini.

Yule mkongwe aliniona akanipungia. Baba akanisukuma taratibu mgongoni, nikapanda. Alinipa tende, akauliza jina langu, akalitamka vibaya, tukacheka. Kisha akazungumza kwa muda mrefu, na Baba, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kazini tu, akanitafsiria vipande: kwamba akiwa na umri kama wangu, kwenye mahema, alimlea swala kwa maziwa ya mbuzi. Alikuwa akilala naye. Siku moja yule swala akaondoka na wenzake, naye akasimama kumwangalia mpaka akapotea. Alitaka tu kuwaona wakila, akasema, aone kama bado wanatikisa mikia vile.

Tukakaa. Jua likashuka kutoka juu mpaka usawa wa uzio. Hudihudi walikuja, sungura mmoja alikuja, akala shayiri. Mara mbili niliona vumbi kule ng'ambo, mara mbili likasimama kwenye ule mgunga, likarudi. Nilikuwa na maneno mdomoni. Ningeweza kusema, nisubirini kidogo, nikakimbia nikavitoa. Sikusema. Niliogopa Arbabu, niliogopa Baba, na zaidi niliogopa yule bibi ajue ni mimi.

Hatimaye akajisogeza nyuma kutoka kwenye darubini. "Mafi ghazali," akasema. Hakuna swala. Hakukasirika. Alimgusa mwanawe mkono, kana kwamba yeye ndiye anayehitaji kubembelezwa.

Wakamshusha, wakamweka garini. Arbabu hakupanda. Alikwenda moja kwa moja kishambani, akatembea kati ya lusani kwa kanzu yake nyeupe, akapiga mateke kwenye vichaka, na kwenye kichaka cha mwisho akainama. Alirudi ameshika kipande kimoja cha kitambaa kwa vidole viwili. Kilikuwa kimelowa oili mpaka rangi haionekani. Akakinusa, akapiga chafya, akamtazama mtu mmoja tu ambaye mikono yake ilikuwa na oili.

"Arbabu, wallahi, mimi hapana," Wasswa akasema. Akasema tena kwa Kiarabu chake kibovu, akasema kwa mikono. Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, ambia yeye. Wewe unajua mimi. Ambia yeye!"

Baba alikuwa amesimama na mkono mmoja ndani ya mfuko wa ovaroli lake. Aliangalia chini. Halafu akageuka kidogo, akanitazama mimi niliyekuwa kwenye mlango wa pikapu. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Mimi sijui," akasema.

"Halas," Arbabu akamwambia Wasswa, na mkono wake ukakata hewa.

Wasswa hakumtukana Baba, ingawa nilimsubiri amtukane. Aliingia chumbani kwao, akatoka na begi na boksi la viatu chini ya kwapa. Alipita karibu nami, akasimama, akafungua kifuniko kidogo. Vilikuwa viatu vyeupe vya mtoto wa kike, vyenye kishikizo, kipimo changu.

"Angalau hii inafika," akasema. "Nyabo, soma sana."

Vile vitambaa vingine sikuvikuta. Nilikwenda wiki iliyofuata nikapapasa kwenye kila shina, hakuna hata kimoja, na nilidhani Arbabu amevitoa. Kabla ya mwezi kuisha swala walirudi, kumi na mmoja, wanatikisa mikia kweli. Arbabu alifurahi, na Baba akabaki kazini. Lakini yule bibi alikuwa amelazwa, na kabla joto halijaingia Baba alivaa koti lake la kanisani akaenda kutoa pole. Yule bibi hakuwahi kurudi kuangalia tena kwenye ule mwanya.

Mama aliwahi kuuliza kanga ya Bibi iko wapi. Nikasema imepotea. Baba alikuwa kwenye kochi anatazama mpira, hakugeuka. "Mwache mtoto," akasema. Tangu hapo hakunipeleka tena kule Ijumaa. Alisema nina masomo mengi. Nami nikaanza kumshuku upya. Anajua? Hajui? Nilimtazama akila, nilimtazama akicheka kwa kuinamisha kichwa kwanza, miaka yote ile, nikikusanya, na sikupata kitu.

Mwaka uliopita alimaliza kazi. Nilikwenda Najma kumsaidia kufunga mizigo. Begi lilizidi kilo, tukaanza kupunguza, na chini kabisa nikakuta lile ovaroli la zamani, limefuliwa likapigwa pasi. Nikamwambia Baba, hili la nini sasa, nani atalivaa? Nikalikunjua. Mfukoni kulikuwa na kitu kigumu. Nilikitoa: vitambaa vimekunjwa kuwa bonge, vimekauka na oili, na kwenye mkunjo wa ndani, ambako oili haikufika, wekundu na ua moja la korosho.

Tulikuwa tumekaa sakafuni wawili.

"Unajua kuhesabu," akasema. "Hesabu."

"Kumi na moja," nikasema bila kuhesabu.

"Niliviokota Alhamisi, kabla Arbabu na mama yake hawajaja. Kimoja kilinipita. Hiyo kanga nilimnunulia mamangu mimi mwenyewe, Wakesho. Ningeisahau?"

Nikamweleza kuhusu baba mdogo, na paa, na kunde mistari minne. Nilimweleza yote, mtu mzima mwenye kazi na mume, nikilia kama yule wa miaka tisa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unadhani Mghanga alifundishwa na nani kutega hivyo?" akauliza. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Vichaka katikati, chumvi, upepo, yote. Niliwatega wengi sana kabla ya kuja huku. Hukukosea kunishuku."

"Na Wasswa?"

Alikuwa anakunja lile ovaroli, mkono juu ya mkono.

"Ningesema ni mtoto wangu, ningeondoka mimi. Wewe ulikuwa umeniona miezi minne tu. Miaka sita sikukuona, kisha miezi minne, na kila nikikukaribia unarudi nyuma." Akalirudisha ovaroli begini. "Nilichagua. Nilijua ni makosa hata nikiwa nachagua. Sikutaka ubebe hilo, nikalibeba mimi. Sasa nazeeka, na begi limezidi kilo."

Hakuniomba nimsamehe, nami sikumsamehe wala sikumlaumu. Nilimpeleka uwanja wa ndege. Vile vitambaa aliniachia.

Shule zote nilizosoma hapa, kazi yangu ya kompyuta, mume niliyempata kanisani, chakula cha jioni na baba yangu mezani miaka yote ile, vyote vimetoka pale Baba aliposema hajui. Ofisi yangu iko West Bay, na kwenye minara ile walinzi wengi ni Waganda. Tangu mwaka uliopita nimekuwa na mazoea mapya. Nikipita getini nasimama, nawasalimia, nawauliza kama kuna anayemjua Wasswa wa Masaka aliyekuwa akifanya kazi ya pampu kwenye shamba la swala, mwenye binti wa umri wangu. Wanacheka kwanza. Kwao kila nyumba yenye mapacha ina Wasswa wake, wapo maelfu. Halafu kicheko kinaisha, wanaangalia kitambulisho changu shingoni, wanaangalia viatu vyangu, na mmoja anauliza, kwa adabu, swali ambalo mpaka leo sijaweza kulijibu nikiwa nimesimama wima.

"Madam, huyo Wasswa unamtafutia nini?"